Picha za simu zinagoma kwenda kwa barua pepe na tovuti inajikokota: nipunguze nini kwanza?

Swali: Assalamu alaikum. Tuna nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani, Unguja, na mimi ndiye ninayeshughulikia tovuti yetu ya WordPress na kujibu barua pepe. Juzi wakala wa safari wa Italia aliniomba picha za vyumba. Nikaambatisha sita nilizopiga kwa simu, kila moja kama MB 5, barua ikagoma kwenda. Nikaingia kwenye tovuti moja ya bure ya kubana picha, nikavuta ubora hadi 20 kati ya 100. Zilipungua kweli, lakini makuti yamekuwa kama uji na maandishi ya kibao chetu hayasomeki. Kijana wa stesheneri akaniambia niziweke dpi 72. Nimeweka, faili halikupungua hata kidogo. Na wageni wanalalamika kwamba tovuti inafunguka taratibu mno. Photoshop sina, nina laptop ya zamani na bando la simu. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Hayo uliyoniandikia, barua kugoma, makuti kuwa uji na tovuti kujikokota, yana chanzo kimoja. Picha ina saizi mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni vipimo vyake: pikseli (vile vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha) ngapi kwa upana na ngapi kwa kimo. Ya pili ni uzito wa faili: MB au KB ngapi. Wewe ulipambana na uzito, vipimo ukaviacha vilevile. Vipimo ndivyo vya kuanza navyo.

Simu nyingi za sasa hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, au karibu na hapo. Zidisha upate milioni 12. Kioo cha kompyuta cha Full HD kina pikseli 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na kidogo. Basi mtu aliyekaa Milano akifungua tovuti yenu, kompyuta yake inapakua pikseli zote milioni 12, kisha kivinjari kinazifinya ziingie kwenye nafasi ya milioni mbili au chini ya hapo. Nyingine zote amezisubiri na kuzilipia bila kuziona. Na kama yuko ufukweni kwenu kwa laini ya simu yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde (MB moja ni megabiti 8), picha moja ya MB 5 itamchukua sekunde 20 kufika. Sita ni dakika mbili. Nani atasubiri dakika mbili kuona kitanda?

Sasa makuti. Umbo la JPEG, ambalo kiwango chake kilitolewa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, halafu katika kila mraba hutupa kwanza vile vitu vidogovidogo ambavyo jicho halivishiki sana. Anga halina mengi ndani ya mraba wake, ni buluu inayofifia polepole, hivyo anga hubanwa bila kulalamika. Makuti ni kinyume chake: kila mraba una nyuzi, vivuli, ncha, na mwanga unaopenya katikati. Mkeka wa ukindu vivyo hivyo, na mlango wenye nakshi. Ukivuta ubora hadi 20, unaiambia programu itupe karibu kila kitu kilicho kidogo, na paa la makuti ni vitu vidogo tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo uji uliouona si ubovu wa tovuti uliyotumia. Ilifanya ulichoiomba: ikabaki na pikseli milioni 12, zote zikiwa zimechoka.

Njia iliyo sawa ni kupunguza idadi ya pikseli kwanza, kisha kubana kwa upole. Picha ya 1600 kwa 1200 ina pikseli milioni 1.92, chini ya moja ya sita ya ile ya asili. Umeshaondoa zaidi ya theluthi mbili ya mzigo bila kugusa ubora wa pikseli moja iliyobaki. Baada ya hapo ubora wa 75 unatosha, na picha ya MB 5 kwa kawaida itakuja kwenye KB 300 hadi 500. Picha zako hazitalingana uzito hata ukizipa vipimo na ubora uleule: ile ya bahari na anga itakuwa nyepesi, ya banda la makuti itakuwa nzito zaidi, labda mara mbili. Usihangaike kuzilinganisha.

Kuhusu dpi 72: nina kinyongo na ushauri huu kwa sababu umepoteza muda wa watu wengi. Dpi ni namba iliyoandikwa ndani ya faili kuiambia mashine ya kuchapa itandaze pikseli ngapi katika inchi moja ya karatasi. Kivinjari hakiisomi. Picha ya pikseli 4000 ikiwa dpi 72 au dpi 300, kwenye skrini ni ileile na uzito wake ni uleule. Namba hiyo ina maana siku ile tu utakayochapa kipeperushi, na nitaifikia.

Tuje kwenye zana. Zana za bure za mtandaoni ziko za aina mbili, na kwa mtu wa bando tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza inakutaka uipakie picha kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, wanaipunguza huko, halafu unaipakua. TinyPNG na iLoveIMG zinafanya hivyo, na kazi yao ni nzuri. Lakini hesabu: ukiwa na picha 30 za MB 5, umekula MB 150 za bando kuzipeleka tu, kabla ya kuzirudisha zilizopungua na kuzipeleka tena WordPress. Aina ya pili hufanya kazi yote ndani ya kivinjari chako, kwenye laptop yako; unapakua ukurasa wa zana tu, picha haitoki. Hizo ndizo ninazokushauri.

Ukitaka kujua zana iko upande gani, usitegemee tangazo lake. Fungua ukurasa, subiri umalizike kufunguka, kisha zima data. Sasa weka picha uipunguze. Ikifanya kazi bila intaneti, picha haikwenda popote. Ikikwama, ilikuwa inakwenda kwenye seva ya mtu. Kwa picha ya kitanda si neno. Lakini nyumba ya wageni hupokea pia picha za pasipoti, na hizo kamwe usizipandishe kwenye tovuti ya bure usiyoijua kwa ajili ya kuzipunguza. Mgeni alikupa wewe.

Kwa picha moja moja tumia Squoosh, anwani yake squoosh.app. Iliundwa na timu ya Chrome ya Google, ikatoka mwaka 2018, na haikutaki ujiandikishe. Buruta picha ndani. Itagawanywa na mstari wa wima: kushoto ya asili, kulia ile inayotengenezwa. Kwenye kisanduku cha kulia washa “Resize”, na kwenye “Width” andika 1600. Kimo kitajipanga chenyewe maadamu alama ya kulinda uwiano imewashwa. Njia iliyochaguliwa tayari, Lanczos3, iache. Inatunza vizuri nyuzi nyembamba. Chini yake chagua MozJPEG, ambayo hutoa picha ya JPEG, na uache ubora kwenye 75.

Hapo sasa ni kazi ya macho. Vuta picha karibu mpaka mahali makuti yanapokutana na anga, halafu usogeze ule mstari wa katikati huku na huku. JPEG huanza kuchafuka hapo hasa, pale penye ncha kali juu ya rangi tulivu. Utaona vijidoa vya kijivu vinazunguka ncha za makuti kama kumbikumbi kwenye taa. Kwa 75 huenda usivione kabisa. Shuka 70, kisha 65, ukitazama palepale. Vikitokea, rudi juu kidogo, umepata namba yako. Tazama na anga pia: likianza kuonyesha mistari mipana ya rangi badala ya kufifia taratibu, umeshuka mno. Kwa picha yenye kibao cha maandishi mimi hukaa 80, kwa kuwa jicho la msomaji husamehe ukuti uliofifia kuliko herufi iliyovunjika. Uzito mpya na asilimia iliyopungua vinaonekana chini kulia, karibu na kitufe cha kupakua.

Squoosh inashika picha moja kwa wakati mmoja. Ukiwa na nyingi, tumia Bulk Resize Photos au BIRME, zote mbili zinafanya kazi ndani ya kivinjari. Kwenye ile ya kwanza chagua kupunguza kwa upande mrefu, usichague upana. Sababu ni hii: ukisema upana 1600, picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama itatoka 1600 kwa 2133, nzito kuliko wenzake. Ukisema upande mrefu 1600, zilizolala na zilizosimama zote zinapata haki sawa. BIRME ina faida yake: ukiipa upana na kimo vyote viwili, huikata picha ilingane na vipimo hivyo, na unaweza kusogeza fremu uchague sehemu ya kubaki. Kwa ukurasa wa vyumba, ambapo picha sita zinatakiwa zijipange mstari mmoja bila moja kuzidi nyingine, hicho ndicho unachokitaka. Usipotaka ikate, iambie kimo kijipange chenyewe.

Kabla ya kupunguza, kata. Picha nyingi za vyumba nilizowahi kuletewa zina dari tupu nusu nzima, au ndoo imebaki pembeni. Ukikata hayo umepunguza pikseli na picha imekuwa nzuri zaidi kwa mpigo mmoja. Kama bahari imelala upande, inyooshe hapohapo. Bahari ya Jambiani ikipwa upeo unakwenda mbali, na mstari uliopinda unaonekana mara moja. Simu yako ina vifaa vya kukata na kunyoosha, huhitaji zana nyingine.

Vipimo ninavyotumia mimi: picha kubwa ya juu ya ukurasa wa mbele, upana 1920 na uzito usiozidi KB 400. Picha zilizo ndani ya ukurasa, upana 1200, zikae KB 100 hadi 250. Simu nyingi zina kioo cha pikseli 1080 kwa upana, kwa hiyo 1200 inazitosha, na kwenye laptop picha iliyo kati ya maandishi ni nadra kuchukua zaidi ya hapo. Picha ndogo za kubofya, 600. Kwa barua pepe, upande mrefu 1600.

Barua pepe ina siri yake inayowashangaza watu. Iliundwa kubeba maandishi, kwa hiyo kila kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na baiti tatu za picha zinakuwa herufi nne. Mzigo unaongezeka kwa theluthi. Picha zako sita za MB 30 zilikuwa MB 40 njiani. Gmail mwisho wake ni MB 25, nyongeza ikiwemo, hivyo picha zenyewe zisizidi kama MB 18. Tena anwani ya wakala yaweza kuwa na kikomo chake kidogo kuliko chako: barua inatoka kwako salama, inakataliwa mlangoni kwake. Ndiyo maana mimi sijazi hadi ukingoni. Picha sita za KB 400 ni MB 2.4, pamoja na nyongeza ni kama MB 3.2. Hiyo inapita popote.

Ila muulize wakala jambo moja: picha ni za skrini au za kuchapa? Hapa ndipo ile dpi inaporudi. Kitabu au kipeperushi kizuri huchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, na ukurasa wa A4 uliojaa picha unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Ukimpa ya 1600 ataichapa nusu ukurasa au itatoka na ukungu. Kwa kuchapa mpe za asili, kwa kiungo cha Google Drive, siyo kwa kiambatisho. Akaunti ya bure ina GB 15, inakutosha.

Za asili, dada, zitunze kama hati ya kiwanja. Picha ikishapunguzwa, pikseli zilizotupwa hazirudi; kuikuza tena kutoka 1600 hadi 4000 ni kunyoosha tu kilichopo. Miaka kadhaa iliyopita mteja mmoja aliniletea picha za harusi nimtengenezee bango. Aliyezipunguza kwa ajili ya kuzituma alikuwa amehifadhi ndogo juu ya kubwa, jina lilelile, folda ileile. Simu iliyopiga ilishauzwa. Bi harusi alikuwa anatabasamu ndani ya pikseli 640, na sikuwa na la kumfanyia. Tangu hapo sifanyi kazi bila folda mbili: moja “asili”, ambayo haifunguliwi ila kunakili, na nyingine “mtandao”. Na kila nikihitaji saizi mpya naanza kwenye asili, sipunguzi iliyokwisha kupunguzwa. JPEG iliyohifadhiwa mara tano ni fotokopi ya fotokopi.

Kwa sababu hiyohiyo, usihamishe picha kutoka simu hadi laptop kwa kujitumia WhatsApp kama kawaida. WhatsApp huzipunguza na kuzibana njiani, na utadhani unayo ya asili kumbe unayo nakala. Tumia waya, au ukilazimika WhatsApp, itume kama hati, itafika kama ilivyo. Ukiletewa picha na mtu wa iPhone zikakataa kufunguka kwenye Squoosh, tazama mwisho wa jina: kama ni HEIC, hilo ni umbo ambalo iPhone zilianza kulitumia mwaka 2017 na vivinjari vingi havilifungui. Mwambie kwenye mipangilio ya kamera achague umbo linalokubalika zaidi, apige kwa JPEG.

Kwenye WordPress utasikia watu wakisema haina haja ya kupunguza, yenyewe inapunguza. Ni kweli nusu. Tangu toleo 5.3 la mwaka 2019, ukipandisha picha inayozidi pikseli 2560 inaishusha hadi hapo, na hutengeneza nakala ndogo kadhaa. Lakini ya asili inabaki kwenye seva ikila nafasi unayoilipia, na bando la kuipandisha umeshalitumia. Punguza kwanza, ndipo upandishe. Badilisha na majina: “IMG_20240612” halimwambii mtu kitu, wala halikusaidii wewe kuitafuta, andika “chumba-cha-bahari-1200”, bila nafasi, kwa vistari. Namba ya mwisho ni upana, itakuokoa ukiwa na nakala tatu za picha moja.

Utaambiwa pia habari za WebP, umbo la Google la tangu 2010. Ni zuri, kwa kawaida jepesi kuliko JPEG kwa muonekano uleule, na WordPress inalipokea tangu toleo 5.8 la 2021. Kwenye tovuti litumie, hasa kwa picha ile kubwa ya mbele, Squoosh inalitoa. Kwa barua pepe baki na JPEG, maana huwezi kujua wakala anafungulia programu gani. PNG iache kwa nembo na michoro yenye rangi chache; picha ya kamera ikihifadhiwa PNG inakuwa nzito mara kadhaa bila faida yoyote ya macho.

Picha za zamani zilizo kwenye tovuti hazitapungua kwa kupandisha mpya. Ingia kila ukurasa, ibadilishe picha, uhifadhi, kisha ndipo ufute ile nzito kwenye maktaba, ukiwa umehakikisha ya asili unayo nyumbani. Anza na ukurasa wa mbele, picha ya juu kabisa. Kabla hujaigusa, pima ukurasa kwa PageSpeed Insights ya Google, upande wa simu, uandike kipimo cha LCP. Ndio muda wa kitu kikubwa cha juu kuonekana, na Google huhesabu sekunde 2.5 au chini kuwa nzuri. Badilisha picha hiyo moja, pima tena. Kama namba haikushuka, niandikie vipimo na uzito wa picha kabla na baada, pamoja na jina la muundo (theme) wa WordPress mnaoutumia. Hapo tatizo litakuwa pengine, na tutalitafuta.